Monita hewa: draiva ya skrini iliyokataa kuondoka katika ofisi moja ya Tanga

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la ofisi, la wahusika na la programu iliyosababisha yote nimeyaacha, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu nimeyaondoa. Hatua za kiufundi ziko kama zilivyofanyika. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, maana tatizo la aina hii naliona likizidi kwenye ofisi ndogo, na wengi wanaishia kuifuta Windows yote na kuanza upya pale ambapo hakukuwa na haja.

Hali ya ofisi na kompyuta yenyewe

Ni ofisi ya uwakala wa forodha, si mbali na bandari ya Tanga. Kuna kaunta, chumba cha mhasibu, na meza ya mkurugenzi ambayo muda mwingi haina mtu kwa sababu mwenyewe yuko Dar es Salaam. Tangu bandari ichimbwe kina na meli zianze kufunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari huko nangani, kazi imeongezeka. Mkurugenzi akazoea kuingia kwenye kompyuta ya mhasibu akiwa Dar, jioni baada ya saa za kazi, aangalie ankara na kuidhinisha malipo.

Kompyuta ni ya mezani, ina Windows 10 Pro, monita moja, na picha zinatoka kwenye chipu ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Ipo UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, lakini betri yake ilikwisha zamani. Umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Hili la UPS lishike, tutalirudia.

Programu waliyokuwa wakiitumia kuingilia kwa mbali ina kipengele cha faragha. Anayeingia anaweza kuifanya monita ya ofisini iwe nyeusi, ili aliyebaki pale asione kinachofanyika. Programu hufanya hivyo kwa kuitengenezea Windows monita ya pili ambayo haipo, kisha kazi yote inahamia huko. Windows inaihesabu kama monita kamili, yenye ukubwa wake na namba yake, ila hakuna kebo wala kioo popote. Hiyo ndiyo monita hewa.

Enzi za Windows XP na Windows 7, programu za namna hii zilikuja na draiva, yaani programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa, iliyonakili kila kinachochorwa kwenye skrini. TightVNC, kwa mfano, ilikuwa ikitumia moja iitwayo DFMirage, na kwenye Windows 7 draiva ya aina hiyo ikiwaka, mapambo ya Aero yalizimika. Windows 8 ikaja na njia yake yenyewe ya kunakili skrini, draiva zile zikakosa kazi. Kisha mwaka 2016, kwenye toleo la 1607 la Windows 10, Microsoft ikafungua mlango rasmi wa draiva za monita zisizokuwepo. Ni jambo zuri kwa seva na mashine zisizo na monita. Shida inaanza pale programu inapoondoka ikaiacha monita yake nyuma.

Tatizo lilivyojitokeza

Jioni moja umeme ulikatika mkurugenzi akiwa ndani ya kompyuta, kipengele cha faragha kikiwa kimewashwa. Asubuhi mhasibu akawasha kama kawaida. Nembo ya Windows ikatokea, kisha ikaja picha ya mandhari peke yake. Hakuna saa, hakuna kisanduku cha nywila. Mshale wa mausi akiusukuma kulia ulifika ukingoni, ukaendelea na safari, ukapotea.

Windows huweka kisanduku cha nywila kwenye skrini kuu, na sasa skrini kuu ilikuwa ile isiyokuwepo. Mhasibu, ambaye si mtu wa kompyuta ila ni mtu makini sana, akagundua njia mwenyewe: anabonyeza Enter, anaandika nywila kwa kichwa bila kuona herufi hata moja, anabonyeza Enter tena, anasubiri. Akipatia, ukanda wa chini unatokea. Akikosea hajui amekosea, kwa hiyo anarudia.

"Mie naandika kwa imani tu, fundi," aliniambia.

Na akishaingia, programu ya uhasibu ilifunguka kwenye skrini ileile asiyoiona. Alama yake ilionekana pale chini, dirisha lenyewe hapana. Alifanya kazi hivyo, kwa kukumbuka mahali vitufe vilipo na kuchapisha kwa Ctrl+P, hadi tarehe 20 ya ritani ya VAT ilipokaribia. Hapo akasema imetosha.

Waliotangulia

Kwanza ililaumiwa monita. Kebo ya HDMI ikabadilishwa, monita ya jirani ikaazimwa, hali ikabaki vilevile. Mtu mwingine akashauri programu yenyewe iondolewe. Ikaondolewa kwenye orodha ya programu za Windows, ujumbe ukatokea kwamba imeondoka. Kompyuta ikawashwa tena, na monita hewa ipo palepale.

Kisha fundi wa Dar es Salaam, anayemhudumia mkurugenzi kule, akaingia kwa kutumia programu nyingine ya mbali. Aliona vizuri kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kwamba kuna adapta mbili za skrini, yaani vifaa viwili vya kutoa picha, akaiondoa ile ya ziada. Picha yake ikaganda papo hapo. Alikuwa akiitazama kompyuta kupitia skrini ileile aliyoifuta, na mazungumzo yakahamia kwenye simu. Ofisini wakazima na kuwasha. Adapta ikarudi. Akaelekeza kwa simu iondolewe tena, safari hii wakaweka alama kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yake. Ikarudi tena.

Ndipo likaja wazo la kufuta Windows, na ndipo nikaitwa.

Maamuzi kabla ya kugusa chochote

La kwanza nililokataa ni kufuta Windows. Leseni ya programu ya uhasibu ilikuwa imefungwa kwenye mashine hiyo, aliyeiweka hakupatikana, na ritani ilikuwa mlangoni. Kufuta Windows kungeliondoa tatizo la skrini na kuleta jingine kubwa zaidi. Vilevile nilikataa kutumia programu za kusafisha draiva zote za skrini kwa mkupuo. Zina kazi yake, lakini hapa draiva ya Intel ilikuwa nzima, na sikuona sababu ya kuibomoa kwa kosa la nyingine.

Kazi ifanyike pale pale ofisini, mbele ya mashine. Hili si suala la upendeleo. Ukiondoa draiva ya skrini ukiwa mbali, kuna dakika ambapo huoni kitu, na dakika hiyo ndiyo unayohitaji kuona zaidi.

Nilinakili data ya uhasibu kwenye diski ya nje, nikahakikisha inafunguka kwenye laptopu yangu, kisha nikaweka alama ya kurejea ya Windows, ya kuirudisha mashine ilivyokuwa mambo yakiharibika. Ulinzi huo ulikuwa umezimwa, kama ilivyo kwenye mashine nyingi za Windows 10, ikabidi niuwashe kwanza. Nikaangalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows wa kuficha data, kwa amri ya manage-bde -status. Haikuwa imefungwa. Ingekuwa imefungwa, nisingethubutu kuelekea Safe Mode, yaani kuiwasha Windows kwa vitu vya lazima tu, bila kuwa na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi, maana mashine inaweza kukudai ufunguo ukiwa umeshafika katikati.

Kabla ya kuchomoa waya wa mtandao nilitazama kwa netstat -ano ni nini kinachowasiliana na nje. Hapo nilisimama. Programu ambayo kila mtu ofisini aliamini imeondolewa ilikuwa bado na kipande chake kimoja kinachoendesha, na kimeshikilia muunganisho wa nje. Ofisi yenye nyaraka za forodha za wateja na taarifa za benki ilikuwa na mlango ambao wenyewe waliamini umefungwa. Kwangu mimi hili lilikuwa zito kuliko skrini. Nikamwonyesha mhasibu muunganisho ule kwenye skrini, nikampigia mkurugenzi simu nikamweleza, ndipo nikachomoa waya.

Kupata macho

Huwezi kufanya kazi usiyoiona; hata hayo ya juu niliyafanya baada ya kupata macho kwa njia hii. Niliingia kwa njia ya mhasibu, nikafungua mipangilio ya skrini, nikashika Windows na Shift pamoja na mshale wa kushoto. Dirisha likahamia kwenye monita ya kweli. Njia hii ni ya kukumbuka, inahamisha dirisha lililo mbele kutoka monita moja kwenda nyingine hata kama hulioni. Nikachagua picha ionekane kwenye monita namba moja pekee.

Mhasibu alifurahi, akadhani tumemaliza. Niliwasha upya mbele yake ili aone: hali ikarudi ilivyokuwa. Kuna kitu kilikuwa kinaiunda monita hewa kila Windows inapoamka na kuifanya kuwa kuu. Ninavyoona, umeme ulikatika wakati programu imejiandikia mahali kwamba kipengele cha faragha kimewashwa, na haikupata nafasi ya kuandika kwamba kimezimwa. Kila asubuhi iliamka ikiamini mkurugenzi bado yumo kazini.

Kumtafuta anayeiunda

Nilianza kwa kutofautisha draiva mbili zile, ili nisije nikaondoa isiyotakiwa. Kwenye Device Manager, ukifungua sifa za adapta na kwenda sehemu ya maelezo, kuna njia ya kifaa. Ile ya Intel ilianza na PCI\VEN_8086, na 8086 ndiyo namba ya Intel. Ile nyingine ilianza na ROOT\DISPLAY. ROOT maana yake kifaa hicho hakikuchomekwa popote. Kimeandikishwa na programu. Nikachapisha orodha ya draiva zote kwa pnputil /enum-drivers, nikaihifadhi kwenye faili la maandishi katika diski ya nje, nikatafuta humo jina la mtengenezaji. Draiva yenyewe ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la oem27.inf. Namba hii hutofautiana kati ya mashine na mashine, usiinakili kutoka hapa.

Kisha nikafungua orodha ya huduma za Windows, yaani programu zinazojiendesha zenyewe nyuma ya pazia. Ilikuwepo moja yenye jina la kawaida kabisa ambalo usingelitilia shaka, lakini njia ya faili lake ilielekea kwenye folda ya ile programu iliyodaiwa kuondoka. Nikajaribu kuisimamisha kwa kuua mchakato wake. Ikazimika, ikawaka tena yenyewe. Kwenye sehemu yake ya kujirejesha iliandikwa kwamba ikianguka, Windows iiwashe upya.

Kwa hiyo picha ikakamilika, na hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Palikuwa na vitu vitatu, kila kimoja kikimfufua mwenzake. Huduma ilikuwa inaunda kifaa. Kifaa kilipoundwa, Windows ilikwenda kwenye hifadhi yake ya draiva, ile folda ya DriverStore, ikachukua draiva humo bila kumuuliza mtu. Na hata pale draiva ilipofutwa, folda ya programu ilikuwa na nakala, huduma ikairudisha. Waliotangulia wote walikata kitu cha kweli. Walikata kwa mpangilio ambao kilichobaki kiliweza kukirejesha kilichokatwa.

Uondoaji wenyewe

Nilianza na huduma. Kwanza nikaizuia isiwake, kwa sc.exe config ikifuatiwa na jina la huduma na start= disabled, halafu ndipo nikaisimamisha. Ukiisimamisha kwanza unashindana nayo. Ile nafasi baada ya alama ya sawasawa lazima iwepo, na ukiwa kwenye PowerShell andika sc.exe kwa ukamilifu, kwa sababu sc peke yake humo ni amri nyingine inayoandika kwenye faili, na hutapata onyo. Baada ya hapo nikaifuta huduma kwa sc.exe delete. Nikapitia pia kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler. Ilikuwepo moja ya kusasisha programu ileile, nikaiondoa.

Kifaa kikafuata. Nikakiondoa kwenye Device Manager. Kisha amri ya kufuta draiva kwenye hifadhi: pnputil /delete-driver oem27.inf. Niliiandika hivyo kwa makusudi, bila nyongeza ya /force, kwa sababu nilitaka Windows iniambie kama kuna kinachoitumia bado.

Ikakataa. Ilisema kuna kifaa kimoja au zaidi kilichowekwa kwa faili hilo, ilhali kifaa nilichokuwa nakiona nimeshakiondoa.

Nikafungua menyu ya View kwenye Device Manager, nikachagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa. Chini ya adapta za skrini zikatokea alama zenye rangi hafifu, moja chini ya nyingine, zote za jina lilelile: ROOT\DISPLAY\0000, 0001, 0002, zikiendelea kushuka. Kila ilipofutwa na kuundwa upya, programu ilikuwa imeacha kivuli chake. Vilikuwa havifanyi kazi, lakini viliandikishwa, na Windows huheshimu kilichoandikishwa hata kama hakipo. Mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kama hizo zote zilikuwa zinaona kazi yake. Nikamjibu kwamba hapana, moja tu kwa wakati mmoja.

Nikaviondoa vyote, kimoja kimoja, kisha nikaviondoa na vivuli vya monita zake chini ya sehemu ya monita. Nikarudia amri ileile. Safari hii draiva ikafutika. Nikaifuta folda ya programu iliyobaki, nikawasha upya.

Kuhusu kuwasha upya: nilichagua Restart, si kuzima na kuwasha. Kwenye Windows 10, Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima hakuzimi kila kitu. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyo. Fundi anayepima kazi yake kwa kuzima na kuwasha anaweza kuiona hali ya jana akadhani ni ya leo.

Matokeo

Kisanduku cha nywila kilitokea katikati ya monita. Mhasibu akaketi, akaandika nywila yake huku akiziona zile nukta moja moja, akacheka. Programu ya uhasibu ikafunguka mahali pake. Nikairudisha mashine kwenye mtandao, nikaangalia tena netstat, muunganisho ule wa nje haukuwepo. Tukaiacha ilale na kuamka, tukaiwasha upya tena, orodha ya pnputil ikawa haina jina la mtengenezaji yule.

Lakini mkurugenzi bado alihitaji kuingia akiwa Dar, na haja yake ya faragha ilikuwa ya halali. Kwa kuwa mashine ilikuwa na Windows 10 Pro, tulitumia Remote Desktop ya Windows yenyewe. Mtu akiingia kwa njia hiyo, skrini ya ofisini inajifunga, na hakuna draiva ya kigeni inayowekwa. Gharama yake ni kwamba yeye na mhasibu hawawezi kuitumia mashine kwa wakati mmoja, kwa hiyo walipangiana saa. Mlango namba 3389, ambao Remote Desktop hutumia, hatukuufungua kwa intaneti hata kidogo. Mkurugenzi anapita kwanza kwenye VPN, njia ya siri ya mtandao, ya ruta ya ofisi.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kutafuta muundaji kabla ya kufuta kilichoundwa. Kifaa chochote kinachoanza na ROOT na kurudi baada ya kuondolewa kina mtu anayekiunda, iwe huduma, iwe kazi iliyopangwa. Kifaa cha PCI kikirudi ni kawaida, kwa sababu kweli kipo na Windows inakikuta tena. Tofauti hiyo moja kwenye njia ya kifaa ingewaokolea waliotangulia muda mwingi.

Kutotumia /force nako kulilipa. Lile katazo la pnputil ndilo lililonionyesha vivuli. Ningelazimisha, draiva ingefutika na vifaa vingebaki vimeandikishwa bila draiva, na fundi mwingine angekutana navyo akiwa hana pa kuanzia.

Rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, sikuigusa. Windows huhifadhi humo mipangilio ya skrini, chini ya GraphicsDrivers, na wapo wanaokimbilia kuisafisha mara moja. Nilikuwa tayari kufika huko, ila monita hewa ilipoondoka Windows ilijipanga yenyewe, na palipo pazima sina sababu ya kupachokoa.

Kilichoshindikana ni kile kitendo cha kwanza cha kuondoa programu kwenye orodha na kuamini ujumbe wake. Kwa programu za kawaida haidhuru sana. Kwa programu ya kuingilia kompyuta ya mtu kwa mbali, kuondoa bila kuhakiki ni hatari, na uhakiki wenyewe hauchukui muda: huduma, kazi zilizopangwa, miunganisho ya nje, orodha ya draiva. Naona ingefaa kila fundi anayeiweka programu ya namna hii aandike siku hiyohiyo inaacha nini kwenye mashine, huduma gani na draiva gani, na karatasi hiyo ibaki ofisini kwa mwenye mali.

Fundi wa Dar alikuwa na utambuzi sahihi. Alichokosa ni mkono na jicho upande wa pili. Kama huwezi kufika, mweke mtu mbele ya mashine, mpigie simu ya video aelekeze kamera kwenye monita, na yeye ndiye abonyeze. Usiiguse skrini unayoitazamia.

Nayo UPS bado ina betri ileile. Niliwaandikia kwamba chanzo cha kwanza cha yote kilikuwa umeme kukatika katikati ya kazi, na kwamba Remote Desktop hailindi data ya uhasibu inayoandikwa umeme ukiondoka. Mkurugenzi amesema betri itanunuliwa. Hadi naandika haya haijafika, na mhasibu anahifadhi kazi yake kila baada ya ankara.